Pikipiki ya Kale na Kutu ya Ufipa

Mwezi wa Juni ilitolewa ghalani, kutoka chini ya magunia ya ulezi, pikipiki ya Honda CG 125 iliyokuwa mali ya bwana shamba mmoja marehemu, nayo ilikuwa imelala humo miaka 19, matairi yamepasuka kama udongo wa bwawa lililokauka, tangi limejaa kutu ndani, na kiki, hata nilipoisimamia kwa uzito wote wa mwili wangu, haikushuka upana wa kidole. Kijana mmoja fundi wa bodaboda, jirani yangu hapa Sumbawanga, aliamkia, akainama akaitazama, akasimama, akatoa hukumu: "Mzee, hii imenoki. Watu wa chuma chakavu wanapita Jumamosi. Wape kwa kilo." Mwenzake akaongeza kwa mzaha kwamba katika mji ambao jina lake hutafsiriwa na wengi kuwa ni amri ya kuutupa uchawi, haifai mtu kufufua wafu uani kwake. Niliwashukuru wote wawili, nikaikokota pikipiki hadi nyumbani.

Katika lugha ya gereji, injini iliyonoki ni ile ambayo vyuma vyake vimesagana bila oili, vikapata moto, vikalana na kushikana. Nayo ni ajali ya injini iendayo. Hii yangu haikuwa ikienda popote. Ilisimamishwa siku moja ikiwa nzima, pengine vali moja ikiwa wazi, na mvua za Novemba hadi Aprili zikawa zikirudi kila mwaka na unyevu wake, ukapenya kwa njia ya ekzosi mpaka ndani ya silinda, ukatulia baina ya ringi za chuma na ukuta wa chuma, ambako hapakuwa na oili ya kuufukuza. Kilichoishika pistoni ni kutu, na kutu ina hesabu yake.

Chuma kikikutana na maji pamoja na oksijeni hutoa elektroni zake, kikaungana na oksijeni hiyo na sehemu ya maji, kikawa ule unga wa rangi ya udongo tunaoupangusa kwa msasa huku tukilaani. Gramu 100 za chuma safi zikigeuka kutu zote huwa takriban gramu 159, kwa kuwa zimebeba vitu ambavyo hazikuwa navyo mwanzo. Na nafasi inayochukuliwa na kutu hiyo hukaribia mara 3 ya nafasi ya chuma chenyewe. Hapo ndipo ilipo siri ya kiki isiyoshuka, maana kitu kinachotanuka mahali pasipo na nafasi huwa kabari, na baina ya pistoni na silinda nafasi iliyopo ni nyembamba kuliko unywele.

Tumezoea kuinena kutu kana kwamba ni maradhi yaliyokivamia chuma kutoka nje. Lakini mtu wa Ufipa ana sababu ya kufikiri vingine, kwa kuwa chuma cha babu zake kilitoka katika kutu. Apitaye pande za Nkasi huyaona hata leo magofu ya malungu, matanuri ya udongo yaliyofikia kimo cha mita 3 hivi, yamesimama peke yake mashambani, na miguuni pake pametapakaa mavi ya chuma. Ilungu halikuvukutwa, urefu wake ndio uliokuwa mvukuto wake, kwa sababu hewa ya moto hupanda na kuivuta ya baridi iingie kwa matundu ya chini. Humo yalitiwa makaa pamoja na mawe ambayo, kwa mwanakemia, ni ndugu wa damu wa ule unga wa msasani, yaani oksidi ya chuma. Makaa yanayoungua kwa hewa haba hutoa kaboni monoksidi, gesi yenye uchu wa oksijeni, nayo hulinyang'anya jiwe oksijeni yake na kukiacha chuma. Joto la kazi hiyo ni kiasi cha digrii 1,200, ilhali chuma safi huyeyuka kwenye digrii 1,538. Kwa hiyo hakikutiririka, kilibaki bonge lenye vinyweleo, likahamishiwa katika tanuri dogo la pili, kintengwe, lenye kuvukutwa kwa mivukuto, likasafishwa, ndipo mhunzi akalipokea kulifua jembe. Mwingereza Greig aliieleza kazi hii katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1937, Wise akairudia humo humo mwaka 1958, na baadaye Profesa Bertram Mapunda akaichimbua kwa elimu ya mambo ya kale. Huyasoma maandiko hayo mtu akaona kwamba ilungu lilitendewa kama bibi arusi, kwa dawa na kwa miiko. Na mimi, niliyekwisha kukaa siku 8 nikiibembeleza pistoni moja, siwacheki wale wazee hata kidogo.

Kazi yao ilikuwa kuitoa oksijeni katika chuma kwa moto. Yangu ilikuwa ile ile, ila nikaifanya kwa baridi, ndani ya ndoo.

Ndoo hiyo ni ya plastiki, ya lita 20, na dawa yake ni magadi, yale yale ya kupikia maharage, kijiko kikubwa kimoja kwa kila lita 4 za maji. (Mama watoto alinikumbusha, si kwa upole, kwamba magadi hununuliwa kwa ajili ya chungu. Ana haki: hapa juu, kwenye mita 1,800 hivi kutoka usawa wa bahari, maji huchemka kwenye digrii 94 tu, na maharage bila magadi hukawia mpaka watoto wakalala.) Chombo chenye kutu huning'inizwa katikati ya maji na kuungwa na waya hasi wa chaja ya betri ya volti 12, pembeni huwekwa kipande cha nondo chakavu kilichoungwa na waya chanya, na viwili hivyo visigusane kabisa. Ukiwasha umeme, elektroni ambazo chuma kilizipoteza kwa miaka huanza kurudishwa kwa lazima: kutu nyekundu hugeuka nyeusi na kulegea, viputo vya haidrojeni huibandua, na nondo ile huliwa badala ya chombo chako. Nilitia ekseli ya gurudumu, stendi, kanyagio la breki na nati kadha wa kadha. Asubuhi yake maji yalikuwa kama supu ya matope, na ekseli, nilipoisugua kwa brashi ya nguo, ilitoa namba za kiwandani nisizojua kuwa zipo.

Yapo mambo manne ambayo mwenye kuijaribu kazi hii hana ruhusa ya kuyapuuza. Haidrojeni hulipuka, kwa hiyo ndoo ikae nje, mbali na jiko na sigara, na umeme uzimwe kabla ya kugusa waya. Chuma kisichoshika kutu, kama vile kijiko cha mezani, kisitumiwe mahali pa nondo, maana kromiamu yake hutoka ikiwa sumu. Alumini isitiwe ndani kamwe, kwa kuwa magadi huila. Na springi ziachwe, kwa sababu haidrojeni huingia ndani ya chuma kigumu kilichokazwa na kukifanya kikatike kama muwa.

Pistoni, kwa kuwa ni ya alumini na imo ndani ya silinda, haikuweza kwenda ndooni. Kwa hiyo nikafungua kichwa cha injini, nikamimina juu yake dizeli iliyochanganywa na oili nyepesi ya gia, nikaiacha. Sasa tazama jinsi baridi ya Ufipa, inayotutesa kila Julai, ilivyokuwa msaidizi wangu. Alumini hutanuka kwa joto takriban mara mbili ya chuma. Pistoni ya kipenyo cha milimita 56.5, ikipata tofauti ya digrii 30 kati ya jua la mchana na ubaridi wa usiku, hutanuka na kunywea zaidi ya ukuta wake kwa kiasi cha milimita 0.02. Ni kidogo mno kwa jicho, lakini ndicho kiasi chenyewe cha mwanya unaohitajiwa na oili ili ipenye. Kila siku injini ilikaa juani, kila usiku ikalala nje, na kila alfajiri nikaigonga pistoni kidogo kwa mpini wa mti wa nyundo. Siku ya 8 ilishuka. Haikushuka kwa kishindo. Ilishuka kama mzee anayekubali kukaa baada ya kubembelezwa.

Ukuta wa silinda ulikuwa na mashimo ya kutu, nikampelekea fundi mchongaji mmoja, nisiyemtaja, auchonge upya kwa pistoni ya saizi ya juu. Ilirudi imechongwa, imeng'aa, na juu pana kuliko chini. Ningaliipokea kwa macho ningaliifunga. Niliipima kwa kipimo cha kuazima nikairudisha. Mng'aro si kipimo, na huu ndio ushauri wangu mkali kuliko wote katika makala hii.

Vipuri havikunisumbua, na sababu yake ina historia. Honda ilipoitoa CG 125 mwaka 1976, wahandisi wake walikuwa wamekwisha kuchunguza jinsi pikipiki zinavyotumiwa katika nchi zetu maskini, ambako oili hubadilishwa ikikumbukwa na cheni hukazwa ikidondoka. Wakaiacha ile cheni nyembamba inayozungusha kamu juu ya kichwa cha injini, wakairudisha kamu chini na kuziinua vali kwa fito. Tena wakaipa kamu hiyo nundu moja tu ya kuzihudumia vali zote mbili. Elimu ya kurudi nyuma kwa makusudi ni adimu, nami naistahi. Injini hiyo ikanakiliwa China kwa wingi, na pikipiki nyingi za Kichina zinazobeba abiria na magunia katika stendi zetu zina moyo wa ukoo huo. Gasketi, fito, ringi na sahani za klachi nilizipata dukani hapa mjini.

Kabureta ndiyo iliyonifundisha zaidi. Baada ya kuisafisha na kuifunga, injini iliwaka kwa kiki ya 6, ikatoa moshi mweusi, ikakohoa, ikawa nzito kama mtu aliyeshiba kupita kiasi. Na plagi ilipotoka ilikuwa na masizi kama sufuria ya kuni. Kijana wa bodaboda, ambaye sasa alikuwa akija kila jioni, akasema ni plagi mbovu. Tulibadilisha, ikawa vile vile. Kosa lilikuwa la hewa. Injini hula petroli sehemu 1 kwa hewa sehemu 14.7 kwa uzani, wala si kwa ujazo. Na hewa ya Sumbawanga ina uzani wa kiasi cha sehemu 4 katika 5 za hewa ya Dar es Salaam. Kabureta haijui kupima uzani. Inajua mvuto wa upepo unaopita kooni mwake, na mvuto huo haupunguzi petroli kwa kadiri ileile hewa inavyopungua, kwa hiyo mchanganyiko hunona kwa takriban sehemu 1 katika 10. Tukatia jeti ndogo zaidi, tukaishusha sindano kwa nochi moja. Plagi ikaanza kutoka na rangi ya hudhurungi, kama chai ya maziwa, nayo ndiyo rangi ya afya.

Nguvu iliyopotea kwa wepesi wa hewa hairudishwi na jeti. Pikipiki ya kiwanda ya nguvu za farasi 11 hapa haizifikii zote, na mwenye kuipanda na aridhike. Jambo la hatari ni kinyume chake: ukiteremka Lyamba lya Mfipa kwenda Muze, kwenye bonde la Rukwa, unashuka kiasi cha mita 1,000, hewa inakuwa nzito, mchanganyiko unakonda, na injini iliyotengenezewa huku juu hupata joto kali. Mimi hubeba jeti kubwa katika kibiriti kitupu, nikaibadilisha chini ya mlima.

Kama una pikipiki ya namna hii ghalani, ya baba au ya parokia au ya ofisi iliyofungwa, usiiuze kwa kilo bado. Fungua plagi, mimina vijiko viwili vya oili katika tundu lake, rudisha plagi, usipige kiki, nawe ungoje wiki mbili.