Virusi vya Homa ya Nguruwe Vyatoka Wapi?

Wewe ufugaye nguruwe Mathare, banda lako limezungukwa na mabati na nyumba za watu. Ngiri huwaoni hapo hata siku moja. Basi homa ya nguruwe ya Afrika itakufikia kwa njia gani?

Ugonjwa huu ulielezwa kwanza hapa Kenya. Mwaka 1921 Dakta Montgomery aliandika jinsi ulivyoua nguruwe wa mashambani, naye alimshuku ngiri. Hakukosea: ngiri huchukua virusi hivyo asiugue, na papasi waishio shimoni mwake huvihifadhi. Lakini hiyo ni njia moja tu.

Siku hizi wataalamu husoma jeni za virusi na kuzilinganisha, kama mchungaji atazamavyo chapa ya ng'ombe ajue katoka boma gani. Mwaka 2007 nguruwe walikufa Georgia, kando ya Bahari Nyeusi. Virusi vyao vilifanana na vya Msumbiji na Madagaska! Ngiri hasafiri mbali hivyo. Yadhaniwa vilikwenda melini ndani ya mabaki ya nyama, nguruwe wakalishwa.

Nawe wachukua mabaki ya hoteli kila jioni. Yachemshe nusu saa huku ukikoroga, yapoe, ndipo uwape. Nguruwe mgeni mtenge mwezi mzima. Wakianza kufa kwa homa kali, masikio yamekuwa mekundu, usiuze wala usichinje. Mwite afisa wa mifugo upesi. Ugonjwa huu haumdhuru mtu, ila hauna dawa, na banda zima laweza kwisha kwa siku chache.