Hatua 10,000 kwa siku hazikuagizwa na daktari

MARAFIKI wanapokutana siku hizi, hawakosi kulinganisha hatua walizotembea kama zilivyohesabiwa na saa zao za kielektroniki. Anayepungukiwa na hatua 10,000 huona haya.

Hata hivyo, idadi hiyo ilizaliwa sokoni. Mnamo 1965, mwaka mmoja baada ya Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni moja ya Japani iliuza kifaa kilichoitwa manpo-kei, yaani kipima hatua 10,000. Lilikuwa jina la kibiashara.

Utafiti uliochapishwa 2019 kuhusu wanawake wazee nchini Marekani ulibainisha kuwa waliotembea takriban hatua 4,400 kwa siku walikabiliwa na hatari ndogo zaidi ya kifo kuliko waliotembea 2,700. Nafuu hiyo ilikoma kuongezeka kwenye hatua 7,500 hivi. Kwa ajuza aliyekwisha kukata tamaa, tofauti hiyo si haba.