Kuchagua shule ya bweni: ya kuangalia kabla ya sanduku kununuliwa

Wanafunzi walio Gredi ya 9 mwaka huu watakuwa kundi la pili kuingia sekondari pevu, mwezi Januari 2027. Wengi wao hawajawahi kulala nje ya nyumbani kwa zaidi ya siku chache. Sekondari msingi iliwekwa ndani ya shule za msingi, kwa hivyo mtoto aliyesoma karibu na kwao tangu chekechea atatoka huko akiwa na miaka 14 au 15 na kwenda kuishi na mamia ya watu asiowajua. Mzazi aliyesoma chini ya mfumo wa 8-4-4 naye ni mgeni katika jambo hili. Kanuni za kuchagua shule si zile alizozizoea.

Kabla ya yote, wakazi waelewe ni ofisi ipi inayofanya nini. Kwa mujibu wa Katiba, serikali ya kaunti inasimamia elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Sekondari pevu ziko chini ya Wizara ya Elimu, na ni Wizara inayompangia mwanafunzi shule. Afisa wa wadi hawezi kumbadilishia mtoto shule, na yeyote anayedai anaweza kufanya hivyo kwa malipo ni tapeli. Maombi ya kubadilishiwa shule hupitia kwa Wizara katika kipindi kinachotangazwa baada ya wanafunzi kupangiwa shule, na mwalimu mkuu wa shule anayotoka mtoto ndiye wa kuulizwa kwanza.

Mkondo kabla ya jina la shule

Zamani mwanafunzi alianza na jina la shule. Sasa anaanza na mkondo. Mikondo ni mitatu: STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, Sayansi ya Jamii, na Sanaa na Sayansi ya Michezo. Ndani ya mkondo anachagua mseto wa masomo matatu, yanayoongezwa kwa yale ya lazima, yakiwemo Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara, na hisabati. Wa STEM husoma hisabati pana. Wa mikondo mingine miwili husoma hisabati nyepesi zaidi.

Kundi la kwanza lilipochagua, kila mwanafunzi alitakiwa kutaja shule 12. Tisa kati ya hizo zilikuwa za bweni: tatu katika kaunti yake na sita nje ya kaunti. Tatu zilizobaki zilikuwa za kutwa katika kaunti ndogo anayoishi. Alitaja pia miseto mitatu ya masomo katika mkondo wake, kila mseto ukiwa na shule nne. Wazazi wasubiri mwongozo wa Wizara wa mwaka huu kabla ya kujaza chochote, lakini zoezi la kufikiri linaweza kuanza sasa.

Hapo ndipo familia nyingi hukosea. Si kila shule inafundisha kila mseto. Shule maarufu yenye basi jipya na kwaya inayovuma inaweza kuwa haina mwalimu wa Muziki, au haina karakana ya somo la ufundi ambalo mtoto analipenda. Mtoto anayetaka kusomea uuguzi akijikuta katika mseto usio na Biolojia, jina la shule halitamsaidia chuoni. Swali la kwanza kwa shule yoyote basi ni hili: mseto huu mnafundisha kweli, na walimu wake wapo sasa au mnawatarajia? Swali hilo huulizwa kwa simu au kwa kufika ofisini, na mzazi asione haya kuliuliza mara mbili.

Alama za mtihani wa KJSEA zina uzito wa asilimia 60 katika upangaji. Asilimia 20 hutoka kwa KPSEA ya Gredi ya 6, na 20 nyingine kwa tathmini za shuleni katika Gredi za 7 na 8. Asilimia 40 tayari imekwisha kuandikwa. Mzazi na mwalimu wa darasa wakikaa pamoja na rekodi hizo mkononi, watajua ni shule zipi zinazofikika na zipi ni za kujaribu bahati. Ni busara kuchanganya za aina zote mbili.

Hesabu ya karo ifanywe kwa mwaka mzima

Katika mwongozo wa karo wa Wizara, shule za kitaifa, pamoja na za kiwango cha kaunti ya ziada zilizo katika miji kama Nairobi, Mombasa, Nakuru, Kisumu na Eldoret, hulipisha mzazi wa bweni Sh53,554 kwa mwaka. Shule nyingine za bweni ni Sh40,535. Serikali ya kitaifa hutenga Sh22,244 kwa kila mwanafunzi, na fedha hizo hazipitii mkononi mwa mzazi. Karo hugawanywa kwa asilimia 50 muhula wa kwanza, 30 wa pili na 20 wa tatu. Maana yake ni kwamba mwezi Januari, baada ya Krismasi, mzazi wa shule ya kundi la juu anatakiwa kuwa na Sh26,777 kabla hajanunua hata soksi.

Kisha yanakuja yale yasiyo kwenye hesabu ya karo: sare, godoro, sanduku na kufuli, blanketi, ndoo, vitabu vya ziada, nauli ya kwenda na kurudi mara tatu kwa mwaka na mara nyingine zaidi kwa mapumziko ya katikati ya muhula. Shule ikiwa kaunti ya tano kutoka hapa, nauli ya mtoto na mtu wa kumsindikiza inaweza kufikia nusu ya karo ya muhula. Siku ya wazazi kutembelea shule nayo ina nauli yake. Mzazi asiyeweza kufika siku hiyo mwaka mzima afikirie vizuri kama umbali huo unafaa.

Shule ikidai ada zaidi ya zilizo kwenye mwongozo, mzazi ana haki ya kuuliza zimeidhinishwa na nani. Ofisi ya mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo hupokea malalamiko hayo. Karo ilipwe kwa akaunti ya benki au nambari ya paybill iliyo kwenye barua rasmi ya kujiunga, kamwe isipitie simu ya mtu binafsi, hata akijitambulisha kuwa karani wa shule.

Kuhusu basari, zile za NG-CDF hutolewa na ofisi ya eneobunge, na za kaunti hutangazwa kupitia ofisi za wadi kila fedha zinapopatikana. Fomu hutaka barua ya kujiunga na nakala ya muundo wa karo, kwa hivyo stakabadhi hizo zitolewe nakala mapema. Basari huchelewa na mara nyingi haitoshi karo yote. Kuchagua shule kwa kutegemea basari ambayo bado haijatolewa ni kumweka mtoto katika hatari ya kurudishwa nyumbani katikati ya muhula, na wapo wanaorudishwa kila mwaka.

Shule tatu za kutwa kwenye orodha zisijazwe kwa kubahatisha. Mtoto anaweza kupangiwa mojawapo, na kwa familia nyingi ndiyo itakayomwezesha kumaliza miaka yote mitatu bila kukosa hata wiki moja.

Bweni lenyewe

Mwaka 2001 wanafunzi 67 wa shule ya Kyanguli, Machakos, walikufa bweni lao lilipochomwa usiku. Mwaka 2017 wasichana 10 walipoteza maisha katika Moi Girls, Nairobi. Septemba 2024 ilikuwa zamu ya Hillside Endarasha, Nyeri, ambako wavulana 21 walifariki. Baada ya kila mkasa maswali yalikuwa yale yale kuhusu msongamano, milango na madirisha.

Mzazi hahitaji kuwa fundi ili kukagua bweni. Mwongozo wa usalama wa shule uliotolewa na Wizara mwaka 2008 umeeleza kila kitu kwa vipimo. Kati ya kitanda na kitanda kuwe na angalau mita 1.2, na njia ya kupitia isipungue mita mbili. Bweni liwe na mlango kila upande na mlango wa dharura katikati, yote ifunguke kwa nje. Madirisha yasiwe na vyuma. Mlango usifungwe kwa kufuli kutoka nje wanafunzi wakiwa ndani, kwa sababu yoyote ile. Vizima moto viwekwe penye milango.

Kwa hivyo mzazi anapozuru shule, aombe kuonyeshwa bweni, si maktaba na ukumbi tu. Ahesabu vitanda. Asukume dirisha. Aulize ufunguo wa mlango wa dharura hukaa wapi saa nane za usiku, na ni nani analala karibu nao. Shule iliyo tayari hujibu hapo hapo. Shule inayosema bweni limefungwa kwa usafi, na kesho yake tena limefungwa kwa usafi, imekwisha kutoa jibu lake.

Huduma za zimamoto ni jukumu la kaunti, na afya ya umma pia. Mzazi akiona bweni au jikoni lenye hatari katika shule yoyote iliyo ndani ya kaunti hii, anaweza kupeleka taarifa kwa ofisi ya zimamoto au kwa afisa wa afya ya umma wa kaunti ndogo, pamoja na kumwarifu mkurugenzi wa elimu.

Wiki za kwanza

Watakaoripoti Januari 2027 watakuta shule yenye makundi mawili tu ya wakubwa: Gredi ya 11 na Kidato cha Nne, ambao ndio wa mwisho wa 8-4-4. Kidato cha Nne wanasoma mtaala tofauti kabisa, kwa hivyo daftari zao za zamani hazitamfaa mgeni. Wa kumwongoza kimasomo ni wa Gredi ya 11.

Kutamani nyumbani si ugonjwa wala si utundu. Huwa kali usiku na siku za Jumapili, na kwa wengi hupungua mtoto akipata rafiki mmoja wa karibu na shughuli moja nje ya darasa, iwe skauti, mpira au klabu ya drama. Simu haziruhusiwi kwa wanafunzi, hivyo wakubaliane mapema: mtoto atapiga lini kupitia simu ya shule, na nambari gani aishike kichwani. Mzazi anayepigiwa na mtoto anayelia asikimbilie kusema "kesho nakuja kukuchukua", wala asimfokee kwamba wengine wamevumilia. Amwache aseme mpaka mwisho, kisha amwulize maswali mepesi: unalala na nani jirani, umekula nini leo, mwalimu mlezi wako anaitwa nani. Majibu hayo hueleza mengi kuliko swali la "unaendeleaje".

Maandalizi mengine hufanywa nyumbani likizo ya Desemba. Mtoto afue sare yake mwenyewe, atandike kitanda, aamke bila kuitwa mara tatu, na ajifunze kugawa pesa kidogo za matumizi zimfikishe katikati ya muhula. Msichana awe na pedi za kutosha muhula mzima, hata kama hedhi haijaanza. Mwenye pumu, kifafa, selimundu au mzio wa chakula aende na barua ya daktari, na muuguzi wa shule na matroni waonane na mzazi siku ile ile ya kuripoti. Mzazi ahakikishe pia kwamba jina la mtoto limo katika usajili wake wa SHA. Kila kifaa kiandikwe jina, hata ndoo.

Uonevu wa wageni ni jambo la kutajwa waziwazi. Watu wazima wengi hucheka wakikumbuka walivyoitwa mono na kuamriwa kupima urefu wa bweni kwa kijiti cha kiberiti. Waliopigwa, walionyang'anywa chakula na waliolazwa sakafuni hawacheki. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinakataza mwanafunzi kuteswa kimwili au kisaikolojia, na anayekivunja anaweza kutozwa faini ya hadi Sh100,000, kifungo cha hadi miezi sita, au vyote viwili. Mtoto aambiwe kabla ya kuondoka kwamba kuripoti si uchongezi, na aambiwe majina ya watu wawili watu wazima shuleni anaoweza kuwaendea, mmoja asipopatikana.

Dalili hujitokeza wakati wa mapumziko. Mtoto aliyekonda sana, anayeomba pesa mara kwa mara bila maelezo, aliyepoteza vitu vyake vyote, aliyeanza kukojoa kitandani, au anayeugua tumbo kila inapokaribia siku ya kurudi, asirudishwe kabla ya kuzungumziwa. Mzazi aanze kwa mwalimu mlezi na mwalimu mkuu, na aandike tarehe na alichoambiwa. Asiporidhika, aende kwa bodi ya usimamizi ya shule, kisha kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo. Penye jeraha au dhuluma ya kingono, hospitali na polisi ndio wa kwanza, siku hiyo hiyo, bila kusubiri kikao cha shule. Simu ya watoto, nambari 116, hupigwa bila malipo mchana na usiku, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.