Mlima Usio na Jina Kitabuni

Aliyesoma jiografia Tanzania anaukumbuka mchoro wa mvua za milimani. Mishale ya upepo inatoka baharini, inapanda mlima, wingu linanyesha upande mmoja na upande wa pili unabaki mkavu. Mlima wenyewe hauna jina. Mwanafunzi wa Morogoro anaunakili kwenye daftari na kuukariri kwa ajili ya mtihani, ilhali dirisha la darasa lake linatazama kilele cha Lupanga katika milima ya Uluguru, mita 2,138 juu ya usawa wa bahari.

Uluguru ndiyo mchoro ule ukiwa hai. Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hukutana na safu hii, hupanda, hupoa na kumwaga maji upande wa mashariki. Huko Kinole na Matombo ndiko kwenye ndizi, nanasi na viungo, na ipo miteremko ya mashariki inayopata mvua ya milimita 3,000 kwa mwaka. Mji wa Morogoro, uliojificha nyuma ya mlima, hupata kama 900 hivi, na tambarare zinazouzunguka ni nchi ya mkonge. Soko kuu la mji linaitwa kwa jina la Chifu Kingalu, jina la ukoo wa watawala waliosifika kwa kuleta mvua. Makao yao yalikuwa Kinole, yaani upande uleule ambako mvua hutua kwanza. Mimi siamini kuwa hilo lilitokea kwa bahati tu.

Mvua hiyo ya bahari imekuwa ikinyesha kwa muda mrefu mno. Wanasayansi wanaeleza kuwa ndiyo iliyouwezesha msitu wa Tao la Mashariki, safu inayoanzia Taita nchini Kenya hadi Udzungwa, kustahimili vipindi vya ukame vilivyofyeka misitu mingine ya Afrika. Viumbe waliobaki juu wakatengana na ndugu zao, wakabadilika. Malaconotus alius, ndege mwenye kichwa cheusi na mgongo wa kijani, hapatikani popote duniani isipokuwa Uluguru. Vivyo hivyo chozi wa Loveridge. Ni watoto wangapi wa Bigwa au Kilakala, mjini Morogoro, wanaojua kuwa wanasoma chini ya makazi pekee ya ndege hao?

Lakini mlima si ndege tu. Sehemu ninayoiona nzito kuliko zote ni historia ya udongo wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Kwenye karatasi wazo lilikuwa zuri. Ila katika miteremko mingi udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba la juu. Ukichimba ngazi pana unaufukia na kuibua ule wa chini usiozaa. Wakulima walitokwa jasho, mavuno yakapungua. Mwaka 1955 watu wa Matombo wakakataa, ghasia zikazuka, na mpango ukafa. Wataalamu walijua matuta, hawakuujua mteremko. Na kule Mgeta, katika milima hiyohiyo, wakulima walikuwa na vingazi vyao vidogo, ambavyo hutengenezwa kwa kukwangua udongo na magugu kuelekea chini na kuyafukia yaoze.

Hata hivyo, ujuzi wa wazee nao una mpaka wake. Februari 1970 mvua ya milimita 100 hivi ilinyesha Mgeta kwa muda wa saa tatu tu. Watafiti walihesabu maporomoko ya ardhi zaidi ya 1,000. Karibu yote yalianzia mashambani na kwenye ardhi iliyopumzishwa yenye nyasi. Yaliyoanzia kwenye miti hayakufika asilimia 1. Hapo mwalimu ana hisabati, sayansi na historia kwa pamoja. Mwanafunzi anaweza kumhoji bibi yake aliyeyaona, kisha akapanda kuangalia ni mizizi gani imeshika kingo leo.

Maji nayo yanafundishika. Mto Morogoro unashuka ukiwa safi na baridi, unapita mjini, kisha unaingia Ngerengere. Ukigeuza jiwe kule juu utakuta vidudu vyembamba vyenye mikia mitatu ambavyo vingi vyao haviwezi kuishi kwenye maji machafu; chini ya mji wanaostahimili ni wengine kabisa, kama vibuu vyekundu vya matopeni. Tanzania ina kipimo chake cha kitaalamu cha namna hiyo, TARISS, kilichochapishwa mwaka 2015, kinachoupa mto alama kwa kuangalia viumbe hao. Watoto hawahitaji kipimo kizima, wakihesabu aina tu wataiona tofauti. Tahadhari moja: wasiingie miguu mitupu kwenye maji yaliyotuama, maana konokono wa kichocho hupenda huko.

Kwa nini basi haya hayafanyiki kila wiki? Darasa lina wanafunzi wengi mno na mwalimu hupimwa kwa matokeo ya mtihani. Klabu za mazingira zipo, ila nyingi huishia kupanda miche siku ya mgeni rasmi. Mtaala mpya ulioanza kutumika mwaka 2024 umeleta somo la Jiografia na Mazingira katika shule za msingi, na hiyo ni nafasi nzuri kama mtihani nao utauliza kuhusu mto wa karibu. Usipouliza, mto utabaki kuwa wa klabu. Na hili si la Morogoro peke yake, kwa sababu Ruvu inayoinywesha Dar es Salaam inaanzia milima hiyohiyo.

Masika yanaanza Machi. Mwalimu, chukua chupa ya plastiki yenye kuta zilizonyooka, ikate shingo, ifunge rula ubavuni na uiweke mahali wazi mbali na paa na miti. Upana wake hausumbui, kwani chupa pana hupokea maji mengi zaidi lakini pia huyatandaza zaidi, hivyo kina kinabaki kilekile. Wanafunzi wasome kila siku saa tatu asubuhi na kuandika. Kisha mpigie simu mwalimu mwenzako wa Kinole, umuulize yake imesoma ngapi.