Ala, Mfuko na Mkoba: Istilahi za Kuvaa Bastola kwa Sitara

Katika makala haya tunakusudia kuzijadili istilahi zihusuzo uvaaji wa bastola chini ya nguo, jambo ambalo kwa wasomaji wetu wengi laonekana kuwa la mbali. Nchini Marekani ni jambo la kila siku. Mwezi Juni 2022 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba raia anayo haki ya kikatiba ya kuchukua bastola nje ya nyumba yake kwa ajili ya kujilinda, na hadi kufikia mwaka 2024 majimbo 29 yalikuwa yamekwisha kuondoa sharti la kibali kwa mtu mzima asiyekatazwa na sheria kumiliki silaha. Huko wamo pia wasemaji wa Kiswahili, wengi wao wakimbizi kutoka mashariki mwa Kongo, na maelezo ya silaha huweza kuwafikia kwa tafsiri. Kwetu Tanzania silaha za raia huongozwa na sheria ya mwaka 2015, na marekebisho ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria. Mfasiri aliyedhani kwamba maneno haya hayatamfikia, hapana budi yatamfikia.

Tuliletewa kurasa chache za mwongozo wa wanunuzi uliotoka Marekani, zikiwa zimekwisha kutafsiriwa, ili tuzikague. Sarufi yake haikuwa na kasoro. Sentensi mojawapo ilisema: "Daima weka bastola katika mfuko." Mwongozo wenyewe ulikuwa ukizungumzia kile chombo maalumu kinachofungwa kwenye mkanda, ambacho kamusi zetu hukieleza kwa mafungu ya maneno kama mfuko wa bastola au mkoba wa bastola. Mfasiri alilichukua neno la kwanza akaliacha la pili, kama afanyavyo kila mwandishi anapochoka kurudia fungu refu. Matokeo yake ni kwamba msomaji wa Kiswahili aliamriwa kutia bastola mfukoni pamoja na funguo na sarafu zake, yaani kitendo kilekile ambacho mwongozo uliandikwa ili kukikataza.

Ili tuone uzito wa jambo hili, yafaa kwanza tueleze kwa ufupi jinsi bastola inavyofanya kazi. Mtu akikandamiza kifyatuo, chuma kidogo cha ndani huipiga fataki ya risasi, nayo risasi hutoka. Bastola za zamani kidogo, mathalani ile ya Colt iliyobuniwa na John Browning na kuchukuliwa na jeshi la Marekani mwaka 1911, huwa na kizuio kinachosukumwa kwa kidole gumba, na kingine nyuma ya mpini ambacho hakiachii mpaka mpini ushikwe barabara. Lakini bastola ambazo raia wengi huzivaa leo hufuata mtindo mwingine. Glock 17, iliyotolewa nchini Austria mwanzoni mwa miaka ya 1980, haina kizuio cha kusukumwa kwa gumba. Vizuio vyake hujiendesha vyenyewe, na vyote huachia mara tu kifyatuo kinapokandamizwa. Huilinda isifyatuke ikianguka chini. Haviilindi na kidole, wala na pindo la shati, wala na ufunguo. Kifyatuo hakijui kimekandamizwa na nini.

Tazama basi yaliyompata Plaxico Burress, mchezaji mashuhuri wa mpira wa Kimarekani. Usiku mmoja mwishoni mwa Novemba 2008 aliingia katika ukumbi wa starehe jijini New York akiwa ameifutika bastola ya Glock kiunoni, bila chochote cha kuishika. Bastola ikaanza kuteleza ndani ya mguu wa suruali, naye alipoidaka ikafyatuka na kumjeruhi paja. Hakuwa na kibali cha jimbo hilo, na mwaka 2009 alihukumiwa kifungo cha miaka miwili. Hapakuwa na adui wala ugomvi. Kilichokosekana ni kitu kimoja cha ngozi au plastiki, ambacho sisi katika Kiswahili bado tunakiita mfuko.

Pendekezo letu ni kwamba chombo hiki kiitwe ala. Neno hili ni la kale na linaeleweka: ala ya kisu, ala ya upanga, ala ya jambia. Wazee wetu hawakuchanganya vyombo vya silaha. Mishale ilikaa katika podo au ziaka, kisu kikakaa katika ala, na hakuna aliyeviita vyote mifuko. Sifa ya ala ni kwamba imetengenezwa kwa umbo la silaha moja, na kwamba makali hayamgusi anayeivaa. Mfuko hupokea chochote. Ala hupokea kitu chake tu. Sifa hizo mbili ndizo hasa mnunuzi wa ala ya bastola hutakiwa kuzitafuta, na kwa hiyo jina lenyewe linafundisha kazi.

Tunajua kwamba pingamizi litatolewa. Yapo maneno mawili yanayotamkwa ala, na lile la pili, lililotoka Kiarabu, lina maana ya kifaa, kama katika ala za muziki. Lakini hakuna msomaji atakayeikuta ala ya bastola akadhani ni zumari. Wengine watapendelea uo, ambalo kwa maana ni sahihi kabisa. Ila ni neno fupi mno, wingi wake nyuo haujulikani na wengi, na mwanafunzi atalidhani ni kosa la chapa.

Sasa ala iliyo njema ni ipi? Kwanza, hufunika pete yote ya kifyatuo kwa kitu kigumu, ili kisifikiwe wakati bastola imo ndani. Pili, huishika bastola mtu anapokimbia, anapoinama au anapoanguka. Baadhi ya ala hushika kwa kubana tu, na nyingine huwa na kishikizo kinachofunguliwa kwa kidole. (Tumelikwepa neno mshiko, kwa sababu ambazo kila aliyekaa Dar es Salaam anazijua.) Tatu, mdomo wa ala haujifungi bastola inapotolewa, kwa kuwa kuirudisha ndiyo saa ya hatari kuliko zote: shati huweza kuingia pamoja nayo, na kidole kilichosahauliwa juu ya kifyatuo kikakandamizwa na ukingo. Ndiyo maana walimu wa silaha husisitiza kwamba bastola irudishwe polepole, kwa macho, kidole kikiwa kimenyooshwa kando. Ala za ngozi hupendwa kwa sababu huzoea mwili, lakini ngozi iliyochakaa na kulegea huweza kujikunja kwa ndani na kukandamiza kifyatuo, na hapo haina budi kutupwa hata kama bado inapendeza. Nyingi za siku hizi hutengenezwa kwa plastiki ngumu iitwayo Kydex, ambayo hulainishwa kwa joto na kufinyangwa juu ya umbo la bastola yenyewe. Hiyo hailegei, ila humkwaruza mvaaji asiyevaa fulana ndani.

Kuhusu raha ya mvaaji, wengi hulaumu ala ilhali kosa ni la mkanda. Glock 17 iliyojaa risasi zake 17 ina uzito wa takriban gramu 900. Mkanda mwembamba wa suruali ya ofisini hupinda chini ya uzito huo, mpini ukainamia nje na kuonekana, na mvaaji akashinda siku nzima akiipandisha suruali na kuigusagusa silaha yake mbele za watu. Mkanda mpana na mgumu huondoa taabu hiyo. Mwinamo wa ala nao ni muhimu: mpini ukielekea mbele kidogo, hautokezi sana nyuma ya koti.

Mahali pa kuvalia ndipo panapomtega mfasiri kuliko kwingine kote. Miongozo ya Kimarekani huuchukulia mwili kama uso wa saa uliolazwa, mvaaji akiwa katikati: tarakimu 12 iko kitovuni, 3 iko kwenye nyonga ya kulia, 6 iko kwenye uti wa mgongo. Basi huandika kwamba mtu wa mkono wa kulia aivae bastola "saa nne", wakiwa na maana ya nyuma kidogo ya nyonga ya kulia. Mfasiri akiandika saa nne, amepotosha. Mswahili akiambiwa saa nne huuona mshale kwenye tarakimu 10, yaani upande wa kushoto, mbele. Na si tarakimu hiyo tu. Kwa kuwa saa yetu hutofautiana na ya Wazungu kwa saa sita kamili, kila mahali patakapotajwa kwa njia hii patageuka kuwa mahali panapokabili upande wa pili wa mwili. Uti wa mgongo utakuwa kitovu, na kitovu kitakuwa uti wa mgongo. Wala hili si jambo la mzaha, kwa maana bastola iliyovaliwa juu ya uti wa mgongo huweza kumvunja mtu akianguka chali, na ile iliyovaliwa mbele huelekeza mdomo wa mtutu kwenye kinena na paja, penye mishipa mikubwa ya damu.

Ushauri wetu ni kwamba saa iachwe kabisa na viungo vya mwili vitajwe kwa majina yake: nyonga, kinena, uti wa mgongo. Kadhalika ala zipewe majina ya mahali zinapokaa. Ile inayoning'inia nje ya suruali iitwe ala ya mkandani. Ile inayoingizwa kati ya suruali na mwili tunapendekeza iitwe ala ya kibindoni. Kibindo, kama watu wa pwani wajuavyo, ni ule upindo wa kikoi au shuka kiunoni ambamo mtu hufutika fedha zake. Ni mahali palepale, na kusudio ni lilelile la kuweka kitu karibu na mwili bila kuonekana. Ziko pia ala ya kwapani, ambayo nyingine huilaza bastola hata mdomo wa mtutu ukamwelekea aliye nyuma ya mvaaji, na ala ya kifundoni, inayovaliwa juu ya kifundo cha mguu na kufaa zaidi kwa anayeketi muda mrefu. Na ikiwa ni lazima bastola ikae mfukoni, basi ikae katika ala ya mfukoni, na mfuko huo usiwe na kitu kingine chochote.

Tumalizie na vitenzi. Kuchukua bastola kwaweza kumaanisha kuitwaa mezani. Kubeba ni kwa mzigo, na anayebeba mzigo huutua. Jambia halikubebwa, lilivaliwa. Tunaona kitenzi kuvaa kitumike pale silaha inapofungwa mwilini, na kubeba kibaki kwa ile iliyomo katika mkoba wa mkononi au begi. Tofauti hii ina maana kubwa kuliko inavyodhaniwa. Mnamo Desemba 2014, katika duka moja jimboni Idaho, mama mmoja aliuawa na mwanawe wa miaka miwili, aliyeifikia bastola iliyokuwa ndani ya mkoba wa mama yake. Mkoba huo ulikuwa na sehemu maalumu ya silaha. Lakini mkoba hutuliwa, huwekwa juu ya kiti, huwekwa ndani ya kitoroli cha duka. Ala iliyo mkandani huenda na mwenyewe. Kwa sababu hiyo tungeomba pia kwamba neno mkoba lisitumike kamwe badala ya ala.

Kuhusu neno la kuonyesha kwamba silaha haionekani, tafsiri nyingi zimetumia silaha iliyofichwa. Mahakamani na magazetini fungu hilo limekwisha kuwa na maana yake: silaha iliyozikwa, iliyowekwa darini, iliyofichwa polisi wasiijue. Mtu mwenye kibali hamfichi serikali. Ni serikali iliyompa kibali hicho. Anachofanya ni kuisitiri na macho ya watu, kama mwili unavyositiriwa kwa nguo. Basi tunapendekeza kuvaa bastola kwa sitara. Mjumbe mmoja wa kikao chetu aliona kwamba sitara ni neno lenye heshima mno kwa kitu kama hiki. Hoja yake tumeisikia, lakini hatukupata neno jingine linalotenganisha anayefunika na anayeficha, na kwa karani wa leseni au hakimu tofauti hiyo ndiyo kesi yenyewe.

Limebaki neno moja ambalo hatujakubaliana. Kile kitufe au kiwiko cha kuzuia bastola isifyatuke, ambacho wengine wamekwisha kukiita usalama na kuandika "usalama umewashwa", sisi humu tumekiita kizuio. Kufuli halifai, kwa kuwa hakina ufunguo. Usalama haufai hata kidogo, maana humwambia msomaji kwamba yu salama. Lakini askari na walinzi wenye kuzishika silaha hizi kila siku huenda wanalo neno lao zuri zaidi, na tungefurahi wasomaji wanaofundisha katika vyuo vyao watuandikie kabla ya kikao kijacho cha usanifishaji.