Safari za Basi Kwenye Mandhari ya Filamu za Kihistoria: Yanayomhusu Mkazi wa Kata

Safari ya kuongozwa ya siku moja ni huduma ya kitalii ambayo abiria hupanda basi asubuhi, hupelekwa na kiongozi kwenye maeneo yaliyopangwa, na hurejeshwa jioni ya siku ileile. Nchini Uingereza huduma hii imepata soko kubwa kutokana na tamthilia za kihistoria. Tamthilia ya Downton Abbey, iliyorushwa kati ya mwaka 2010 na 2015, ilipigwa katika kasri la Highclere na kijiji cha Bampton. Mabasi yameendelea kutoka London kuwapeleka watazamaji huko miaka mingi baada ya kamera kuondoka. Kinachowavuta ni kasri, kanisa na nyumba za mawe ambazo zilikuwapo kabla ya tamthilia, na ambazo wenye nazo hawakuzibomoa.

Kwa Tanzania, mfano ulio karibu ni Zanzibar. Filamu ya Vuta N'Kuvute ya mwaka 2021, iliyoongozwa na Amil Shivji kutokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi, inasimulia Zanzibar ya miaka ya 1950. Mtengenezaji wa filamu ya namna hiyo hawezi kuujenga mji upya, huutafuta uliosalia. Na uliosalia si wa kudumu: tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jengo la Beit al-Ajaib, lililojengwa na Sultani Barghash, iliporomoka.

Mkoa wa Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita una historia yake inayoweza kuoneshwa. Reli ya Tabora–Mwanza ilifika ziwani mwaka 1928 ikipita Shinyanga. Mwadui, wilayani Kishapu, John Williamson aligundua mwamba wa almasi mwaka 1940. Mgodi wa zamani wa Geita ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi 1966. Kuna pia mahali palipokuwa na ikulu za watemi, ambao mamlaka yao yalifutwa kisheria mwaka 1963.

Hapa ndipo mkazi anapaswa kuwa makini. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Stesheni, maduka ya zamani na nyumba za utawala wa kikoloni katika eneo letu ni za baadaye, hivyo hazilindwi mpaka Waziri mwenye dhamana azitangaze rasmi. Jengo la mwaka 1930 linaweza kubomolewa wiki hii ili kupisha fremu za maduka bila sheria hiyo kuguswa. Mwenye jengo la aina hiyo anashauriwa kuonana na Afisa Utamaduni wa Halmashauri kabla ya kuomba kibali cha kubomoa. Haki yake ya umiliki haiondoki kwa kuuliza.

Safari inayowezekana bila kusubiri filamu yoyote ni ya Bujora, Kisesa, wilayani Magu. Kutoka Shinyanga mjini ni mwendo wa takriban saa tatu kwa basi. Makumbusho ya Wasukuma yaliyopo hapo yalianzishwa na Padri David Clement. Ndani ya jengo lililoundwa mfano wa kiti cha enzi zimehifadhiwa ng'oma na vifaa vya kitemi. Wanaokwenda wakati wa Bulabo, baada ya sikukuu ya Ekaristi, hukuta mashindano ya ngoma ya Wagika na Wagalu, na huo ndio wakati bora wa kwenda.

Mwadui ni jambo jingine. Huo ni mgodi unaofanya kazi, na hakuna basi linaloruhusiwa kuingia bila idhini ya mgodi iliyoombwa mapema. Hali ni hiyohiyo kwa migodi ya dhahabu. Kiongozi anayewaahidi abiria kuingia bila barua atawafikisha getini tu.

Kiongozi ndiye anayeibeba safari. Hadithi ya almasi ya waridi ya Mwadui husimuliwa kwa namna nyingi vijiweni. Ilivyo ni kwamba ilipatikana mwaka 1947 ikiwa na uzito wa karati 54.5, Williamson akampa Binti Mfalme Elizabeth kama zawadi ya harusi, ikachongwa hadi karati 23.6. Kijana anayetaka kazi hii aanze kwa kuwasikiliza wazee na kuandika majina na miaka. Biashara yenyewe huhitaji leseni chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2008, na basi liwe na leseni ya LATRA. Chakula na vyoo navyo vipangwe mapema. Wageni hawakuzoea kuchimba dawa kando ya barabara, na mama lishe aliyeambiwa idadi yao jana yake huwa na michembe ya kuwatosha wote.

Endapo kikundi cha filamu kitafika katani kutaka kutumia nyumba au boma, mkazi aombe kuona kibali cha Bodi ya Filamu Tanzania, kisha atake mkataba wa maandishi unaotaja malipo, siku za kazi na wajibu wa kurudisha kila kitu kilivyokuwa. Mtendaji wa Kata anaweza kuwa shahidi wa mkataba huo.