Ramani tunayo, je, mwalimu wa chombo yuko wapi?

Kosa nitakalolisimulia hapa lilikuwa langu, wala simlaumu mtu mwingine. Mnamo Disemba 2016, nikiwa likizoni kwetu Lamu, nilikuwa mmoja wa abiria 11 waliokwama kwa muda wa saa 5 katika tope la Mkanda, ule mlango mwembamba wa maji unaotenganisha kisiwa cha Manda na bara. Tulikuwa tukitoka Faza kwa mashua ya mjomba wangu, nahodha wa miaka mingi. Wakati huo Mkanda haukupitika maji yanapokupwa, na mjomba alitaka tutie nanga Mtangawanda tungojee maji yajae. Mimi nilikuwa na kishikwambi mkononi, nimetia ndani yake programu ya ramani za bahari. Juu ya kioo chake mlango wote ulionekana samawati tupu, na mshale mdogo, ambao ndio sisi, ukijongea kwa utiifu kuelekea huko. Nikamwonyesha mjomba. Akakitazama kifaa kwa makini, akanirudishia, akasema kwa Kiamu chake: "Mwanangu, kibao chako hakiyui mai."

Nilicheka. Miongoni mwa abiria alikuwamo mama aliyempakata mtoto mwenye homa kali, naye alitaka kuiwahi hospitali. Abiria wakaona kwamba neno la daktari wa Chuo Kikuu lina uzito kuliko la mzee aliyevaa kikoi. (Udaktari wangu ni wa isimu, lakini hakuna aliyeuliza, nami sikufafanua.) Mjomba akanyamaza, kama wazee wetu wanyamazavyo wanapoona kwamba msomi hasikii, akageuza usukani. Robo saa haikupita, mkuku ukagusa chini.

Hapo ndipo nilipoikuza picha kwa vidole viwili. Samawati ikageuka kijani, na ndani ya kijani zikatokea nambari zilizopigiwa mstari chini yake. Kwa desturi ya wachoraji wa ramani za bahari, kijani huonyesha mahali panapokauka maji yakipwa, na nambari yenye mstari si kina hata kidogo, bali ni kimo cha ardhi inayojitokeza. Taarifa yote ilikuwamo ndani ya kifaa tangu mwanzo. Aliyekosekana ni mtu wa kuisoma. Mtoto yule alifikishwa hospitalini usiku, akatibiwa, akapona; leo ni mwanafunzi. Mama yake hakunisemesha njia nzima, na haki alikuwa nayo.

Msomaji asije akadhani kwamba nakusudia kukitukana kifaa. Kishikwambi, neno lililoenea kutoka Tanzania ambako vifaa vilivyotumika katika sensa ya 2022 viligawiwa walimu, na ambacho wengi wetu hapa Kenya bado tunakiita tableti, kimewapa wavuvi na mabaharia wadogo uwezo ambao zamani ulikuwa wa meli kubwa tu. Ndani yake mna kipokezi kinachopima muda ambao mawimbi ya setilaiti, zisizopungua nne, huchukua kufika, na kutokana na tofauti za nyakati hizo kikakokotoa mahali kilipo. Kazi hiyo haihitaji mtandao wa simu, mradi ramani ziwe zimehifadhiwa mapema chombo kingali bandarini. Lakini si kila kishikwambi kina kipokezi hicho. Vingi vya vile vinavyotumia waifai peke yake havina, na mnunuzi huja kulijua hilo akiwa ameshatweka tanga. Hadi Mei 1, 2000, Marekani ilikuwa ikiyapotosha kwa makusudi mawimbi ya setilaiti zake yanayopokewa na raia, hata kosa likaweza kufikia kiasi cha mita 100. Tangu upotoshaji huo ukomeshwe, kifaa cha kawaida chini ya mbingu wazi hukosea kwa mita chache tu.

Kwa hivyo kishikwambi kinajua barabara chombo kilipo. Kisichokijua ni bahari. Kina kinachoandikwa katika ramani hakipimwi kutoka kwenye uso wa maji uuonao leo, bali kutoka kiwango cha maji yanapokupwa mno. Katika pwani yetu tofauti baina ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua hupita mita 3, ilhali wakati wa maji mafu hupungua sana. Mahali pale pale, siku ile ile, pana maji ya kumfunika mtu na pana tope la kuchimbia chambo. Mwanafunzi wa jiografia hujibu katika mtihani kwamba bamvua huja mwezi uandamapo na uwapo mpevu, akapata alama zake, asihusishe jibu hilo na nambari iliyo katika ramani. Mjomba hakusoma jiografia. Asubuhi ile alijua mwezi una siku ngapi, na kutokana na hilo alijua Mkanda una nini.

Kisha upo umri wa vipimo vyenyewe. Nahodha William Owen wa jeshi la majini la Uingereza alipima pwani hii katika miaka ya 1820 kwa bildi, yaani kipande cha risasi kilichofungwa kambani na kutoswa hadi chini, pima baada ya pima. Zipo sehemu nyingi za dunia ambazo ramani zake, hata zikiwa juu ya kioo kinachong'aa, bado zinategemea vipimo vya karne ya 19. Kioo kipya hakiufanyi upimaji kuwa mpya.

Wala si wahadhiri wazembe peke yao waliokwama. Mnamo Novemba 29, 2014, jahazi la mashindano liitwalo Team Vestas Wind, likitoka Cape Town kuelekea Abu Dhabi katika mashindano ya kuizunguka dunia, liliparamia usiku miamba ya Cargados Carajos, kaskazini-mashariki ya Mauritius. Lilikuwa na mabaharia mabingwa, na vyombo vya kila namna. Watu wote 9 waliokolewa. Ilibainika kwamba miamba hiyo, iliyo dhahiri ramani ikikuzwa, ilikuwa haionekani vilivyo kwenye kipimo ambacho wapangaji wa safari waliitazama. Ni samawati ile ile ya Mkanda. Julai 25, 2020, meli ya mizigo Wakashio ilikwama kwenye mwamba wa kusini-mashariki ya Mauritius, na kiasi cha tani 1,000 za mafuta kikamwagika. Uchunguzi ulionyesha kwamba meli ilisogezwa karibu na nchi kavu ili mabaharia wapate mawimbi ya simu zao, na kwamba ramani iliyotegemewa haikufaa kwa maji yale.

Nayo karatasi inaaga. Idara ya Marekani ya NOAA ilikuwa imekamilisha kuziondoa ramani zake za bahari za karatasi kufikia Januari 2025. Ofisi ya Uingereza, ambayo ramani zake ndizo zilizotumiwa na meli nyingi duniani, ilitangaza mwaka 2022 nia ya kuacha kuchapisha ifikapo mwisho wa 2026, kisha ikausogeza muda huo hadi angalau 2030. Tupende tusipende, wanafunzi tulio nao madarasani watasafiri kwa vioo.

Sasa nirejee katika uwanja wangu, kwa kuwa hapa lugha ina jambo la kutuambia. Neno "ramani", kwa maoni ya wanaleksikografia wengi, limetokana na "rahmani", jina la kitabu cha uongozi cha mabaharia wa Bahari ya Hindi, ambalo nalo linarudi hadi Kiajemi, kwa maana ya kitabu cha njia. Ramani ya kwanza ya Mswahili haikuwa picha. Ilikuwa maneno: nyota gani iwe upande gani wa omo, maji yana rangi gani karibu na mwamba, ndege gani huonekana nchi kavu inapokaribia, upepo gani usitoke nao. Leo neno hilo limeshuka pwani, likawa picha ya kaunti ukutani na mchoro wa mjenzi wa nyumba.

Halikushuka peke yake. "Nahodha", pia la Kiajemi, siku hizi huvaa fulana na kuongoza timu ya kandanda. "Rubani" amepanda ndege. "Karani" amekaa ofisini. Katika kitabu cha Abul Fazl, Ain-i-Akbari, kilichoandikwa India mwishoni mwa karne ya 16, mna orodha ya wenye vyeo melini. Karani yumo, kazi yake kuandika hesabu za chombo. Nahodha yumo, kama mwenye chombo. Na baada yake anatajwa "mu'allim", ambaye alipaswa kuvijua vilindi na vina vifupi na elimu ya nyota, kwani ndiye aliyekifikisha chombo kiendako.

Ndiyo, walimu wenzangu, huyo ni sisi. Vasco da Gama alipofika Malindi Aprili 1498, alipewa mtu wa kumvusha hadi India, na Mei mwaka huo huo akatia nanga Calicut. Mwanahistoria wa Kireno João de Barros anamtaja mtu huyo kwa jina la Malemo Cana. Wengi tulifundishwa shuleni kwamba alikuwa Ahmad ibn Majid, dai ambalo wataalamu wengi leo hawalikubali. Lakini "Malemo" si fumbo, ni mwalimu yule yule aliyetamkwa na ulimi wa Mreno. Mwalimu wa wakati huo naye alikuwa na kibao chake: kipande cha mti chenye uzi uliopigwa mafundo, alichokinyoosha mbele ya jicho, ukingo wa chini uguse upeo wa bahari na wa juu uguse nyota, akapima kimo cha nyota kwa vidole. Ila kibao hicho kilikuwa bubu, hakikumwambia lolote asipokuwa na elimu kichwani.

Hofu yangu ni kwamba tunawapa vijana kibao kinachosema sana huku tukiwanyima elimu ya kukihoji. Elimu hiyo ilikuwa ndani ya maneno. Niliwahi kuwauliza wanafunzi wangu wa mwaka wa pili maana ya bamvua, joshi, demani, bildi, mkuku, suheli. Hawa ni wanafunzi wa Kiswahili, watakaokuwa walimu wa Kiswahili. Walijua "dira", maana wanasiasa huitamka kila uchaguzi, na "usukani" kwa sababu hiyo hiyo. Mmoja alisema suheli ni jina la mtu. Na programu niliyoitumia Mkanda haikuwa na neno hata moja la Kiswahili; mpwa wangu aliyekuwa akimsaidia mjomba, kijana mwerevu aliyeishia darasa la nane, asingeweza kulisoma onyo lake hata kama lingetokea.

Wenzangu wa istilahi watakimbilia utohozi. Sina ugomvi nao mahali palipo na pengo. Lakini kabla ya kutohoa, tutazame ghalani. Kwa ramani ya bahari napendekeza tulirejeshe "rahmani", pamoja na h yake, tuiachie nchi kavu "ramani". Kwa kifaa kinachopima kina kwa mwangwi wa sauti, "bildi" inatosha, kama "taa" ilivyotosha ilipotoka kwenye mafuta ya taa ikaenda kwenye umeme. Kwa kiwango cha maji kinachohesabiwa vina, sina neno bado. Mjomba anaeleza kwa sentensi nzima. Na shule zetu, ambazo zilianza kupokea vishikwambi vya darasa la kwanza katika mpango wa serikali wa 2016, zisingoje mtaala mpya ndipo mwalimu wa Kiswahili na wa jiografia wakae meza moja. Watoto wa Lamu, Kipini na Vanga wana babu zao nyumbani. Kazi ya likizo ya mwezi mmoja, ya kuandika kila siku saa ya maji kujaa na kupwa pamoja na siku ya mwezi mwandamo, haigharimu senti.

Mjomba sasa anacho kishikwambi. Alikiomba mwenyewe mwaka uliofuata, kwa sababu, alisema, usiku wa kiza kikimwonyesha mshale juu ya mlango wa Shela hujisikia amepata jicho la tatu. Hukifunga ndani ya mfuko wa plastiki kwa ajili ya chumvi, hukifunika kwa kitambaa jua likiwa kali kisije kikazimika kwa joto, na akikaribia tope bado humwambia mpwa wangu atose bildi. Kila niendapo likizoni huketi naye barazani baada ya alasiri nikiandika maneno yake, na hunisahihisha matamshi. Juzi tulikuwa kwenye herufi ya M. Alinitajia majina ya namna saba za matope ya Mkanda, akanitaka nimrudie moja baada ya jingine, nikasahau mawili.